Reli ya Mchina, barabara ya Mmarekani, bomba la Mtaliano

Ukishuka basi Makambako ukitokea Dar, kinachotangulia kukupokea ni baridi. Halafu wanakuja vijana wenye mabeseni ya mayai ya kuchemsha na viazi. Mimi hushuka hapo kila mwaka kumsalimia mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye nyumba yake haiko mbali na reli. Ukikaa uani kwake jioni unasikia malori ya Zambia na Kongo yakibadilisha gia barabarani, na treni ya mizigo ikipita hata kikombe mezani kinajua. Kuna na kitu cha tatu ambacho husikii, kwa kuwa kimefukiwa: bomba la mafuta linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Reli ilijengwa na Wachina. Barabara ilijengwa kwa fedha za Wamarekani, Benki ya Dunia na Waswidi, kila mmoja na vipande vyake. Bomba lilijengwa na Waitaliano, likakamilika mwaka 1968. Vyote vitatu vimejengwa ndani ya miaka kumi hivi, vikielekea upande mmoja, kwa sababu moja: Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini bila kupita kwa Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe.

Shuleni tulikaririshwa kwamba Tanzania inafuata siasa ya "kutofungamana na upande wowote". Ilikuwa sentensi ya kujibia mtihani. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, tukapata alama mbili. Mimi nilikuja kuielewa uani kwa mjomba, nikiwa mtu mzima, siku niliyogundua kwamba mataifa yaliyokuwa yanaelekezeana makombora yalikuwa yamefanya kazi bonde kwa bonde katika nchi ya mama yangu, na wote tumewaandikia risiti.

Neno lenyewe lina mambo. Watu wengi hudhani kutofungamana ni sawa na kutokuwa na upande, yaani yule mtu anayekaa katikati ya ugomvi, mikono mapajani, akisema "mimi simo". Sivyo. Aliyewahi kufunga mbuzi anajua. Ukifunga mbuzi wawili jirani, kila mmoja na kamba yake, wakazungukana wakila majani, baada ya saa moja kamba zimefungamana: mmoja akienda kushoto anamvuta mwenzake, mmoja akianguka wanaanguka wote. Kutofungamana ni kuhakikisha kamba yako haijazungushwa kwenye mguu wa mtu. Haikukatazi kula majani, wala haikukatazi kulia. Mbuzi asiyefungamana anaweza kupiga kelele kuliko wote.

Kila makala ya namna hii huja na ile methali ya tembo na nyasi. Leo tuiache ipumzike.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku chache baadaye ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Miezi mitatu kabla, mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana ulikuwa umefanyika Belgrade, na nchi 25 zilihudhuria kama wanachama kamili. Sisi tulikuwa bado tuna gavana. Kwa hiyo tuliikuta hoja ikiwa tayari mezani, tukaipenda, tukaichukua. Lakini kuipenda ni jambo jingine. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza 1964, ulitegemea fedha za nje kwa zaidi ya robo tatu ya matumizi ya maendeleo ya serikali kuu. Yaani tulisema hatufungamani na mtu huku tumeshika bakuli. Hilo ndilo tatizo la kila nchi changa, na sioni haja ya kulionea aibu. Linalonivutia ni jinsi watu wale walivyojaribu kutembea nalo.

Mtihani ulikuja mapema, na kutoka ndani. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Serikali ililazimika kuwaomba Waingereza haohao wateremke kutoka meli ya kivita na kuwanyang'anya silaha askari wetu. Nchi yenye umri wa miaka miwili, na imemwita bwana wa zamani aje kumchapa mtoto wake. Sidhani kama kuna jambo lililomchoma Nyerere kama lile. Baada ya hapo jeshi jipya lilijengwa kwa kuchanganya makusudi: Wachina wakaleta wakufunzi na silaha, Wajerumani wa Magharibi wakachukua kikosi cha anga na ulinzi wa baharini, na Waisraeli tayari walikuwa wamesaidia kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa. Ukitazama orodha ile unaweza kudhani ni fujo. Kumbe ni bima. Jeshi lenye walimu wengi haliwezi kuitwa na mwalimu mmoja.

Kisa ninachokipenda zaidi, na ambacho naona hakisimuliwi vya kutosha, ni cha Wajerumani wawili.

Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Kati ya waliowahi kuitambua serikali mpya ni Ujerumani Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa inatafuta marafiki nje ya kambi ya kikomunisti kama mtu anayetafuta maji Kondoa mwezi wa kumi. Zanzibar nayo ikaitambua, ikafunguliwa ubalozi, na misaada ikaanza kuja. Ukienda Kikwajuni leo, zile nyumba za ghorofa zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, zenye kanga zinazoning'inia kwenye vibaraza, zinatokana na urafiki ule. Watu wa Unguja huziita nyumba za maendeleo.

Halafu tarehe 26 Aprili 1964 ukaja Muungano. Hapo ndipo mambo yalipochachuka. Bara ilikuwa na uhusiano mzuri na Ujerumani Magharibi, waliokuwa wafadhili wakubwa. Na Ujerumani Magharibi walikuwa na sera iliyoitwa kwa jina la Walter Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, sisi tunavunja nayo uhusiano. Sasa nchi ni moja. Chumba kimoja kina picha ya mchumba huyu ukutani, chumba kingine kina picha ya yule, na wachumba wote wawili wanakuja kula chakula cha mchana.

Kwa miezi kadhaa Nyerere alitafuta njia ya kati. Kuwafukuza Wajerumani Mashariki ilikuwa sawa na kumwambia Karume, kiongozi wa Zanzibar, kwamba Muungano maana yake ni kutii matakwa ya Bonn, makao makuu ya Ujerumani Magharibi. Kuwatambua kikamilifu ilikuwa kupoteza msaada mkubwa. Mwanzoni mwa 1965 akapata jibu la kifundi: ubalozi wa Zanzibar ufungwe, na Ujerumani Mashariki waruhusiwe kuwa na konseli kuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Konseli, siyo ubalozi. Ni tofauti ambayo muuza kahawa wa Kariakoo asingeiona, lakini kwa wanadiplomasia ni bahari nzima.

Bonn hawakuridhika. Wakaondoa msaada wa kijeshi, na wakufunzi wa kikosi cha anga wakaondoka ghafla. Nyerere angeweza kunyamaza hapo, akameza, akabaki na misaada mingine iliyokuwa bado inaendelea. Badala yake aliwaambia Wajerumani Magharibi waondoe na misaada mingine yote ya serikali. Yote. Hoja yake ilikuwa kwamba msaada unaotolewa kwa sharti la kuchaguliwa nani uzungumze naye siyo msaada. Mara nyingi amenukuliwa akisema kwamba hatutaruhusu marafiki zetu watuchagulie maadui zetu. Ukitaka kujua sentensi ile ilipimwa kwa kilo ngapi, ilipimwa hapo.

Nimewahi kubishana na rafiki yangu mchumi juu ya jambo hili. Yeye anasema ule ulikuwa ubishi wa kijana, kwamba nchi maskini haina haki ya kuwa na kiburi kwa gharama ya zahanati. Nilimjibu vibaya siku ile. Leo ningemjibu hivi: angalia kilichofuata. Wakanada wakaja kuchukua nafasi ya kufundisha kikosi cha anga. Uhusiano na Bonn haukuvunjika, na baada ya muda misaada ikaanza kurudi. Na sera ya Hallstein yenyewe ilikufa. Ilipofika 1972 Wajerumani wenyewe walikuwa wameshaanza kutambuana, na Tanzania ikawatambua wote wawili. Sisi tuliadhibiwa kwa kufanya mapema jambo ambalo waliotuadhibu walilifanya baadaye. Hata hivyo rafiki yangu hakukosea kabisa. Kuna watu waliolipa, na hawakuwa Ikulu.

Mwaka uleule wa 1965 ulikuwa na mengine. Novemba ya mwaka uliotangulia zilitangazwa barua zilizodai kuwepo njama za nchi za Magharibi dhidi yetu, na barua zile zikaja kuonekana ni za kughushi. Januari wanadiplomasia wawili wa Marekani walifukuzwa kwa sababu ya mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Wamarekani walisema maneno yale yalikuwa fumbo la lugha, hayakuhusu silaha. Mmoja wao, Frank Carlucci, alikuja kuwa waziri wa ulinzi wa nchi yake. Nasimulia haya haraka kwa sababu sioni fahari ndani yake. Nchi inayokataa kambi zote huishia kuishi na wasiwasi wa kila kambi, na wasiwasi nao hukosea.

Desemba ikaja Uingereza. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa makaburu wake tarehe 11 Novemba, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaamua kwamba Uingereza isipomwondoa hadi tarehe 15 Desemba, wanachama wavunje nayo uhusiano. Siku ilipofika, nchi chache tu zilifanya hivyo. Tanzania ilikuwa mojawapo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Hapa ndipo mimi nakubaliana na rafiki yangu zaidi ya pale kwenye kisa cha Wajerumani. Smith hakutikisika. Alibaki hadi 1979, na aliyemwondoa ni bunduki za wapigania uhuru na vikwazo, siyo ubalozi uliofungwa Dar. Lakini pia nikijiuliza Nyerere angesimama vipi mbele ya wapigania uhuru waliokuwa wamejaa mitaa ya Dar es Salaam kama angesaini azimio halafu akalikimbia, sina jibu jepesi.

Turudi uani kwa mjomba, kwa sababu haya yote yaliishia hapo.

Zambia ilipofungiwa njia ya kusini, Nyerere na Kaunda walikwenda kwanza Magharibi kuomba reli. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema mradi haulipi. Wengine wakatoa majibu ya namna hiyohiyo kwa heshima zaidi. Wachina wakasema tutajenga. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ikakabidhiwa 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba. Ni lazima tukumbuke kwamba China ya wakati huo haikuwa tajiri. Ilikuwa nchi maskini inayoikopesha nchi maskini nyingine.

Mjomba aliajiriwa mwaka 1971, akiwa na miaka 19, kwenye kipande kigumu kuliko vyote, kile cha kupanda kutoka Mlimba kuja Makambako. Milima, matope, mahandaki, madaraja. Anasema walichimba pamoja na Wachina, wakalala kwenye mahema ya jirani, na neno la kwanza alilojifunza ni *pengyou*, rafiki, ambalo mpaka leo humwita nalo mbwa wake. Nilipomuuliza kama waliwafundisha siasa alicheka.

"Siasa saa ngapi, mjomba? Tulikuwa tunabeba zege."

Wapo Wachina ambao hawakurudi kwao. Makaburi yao yako Gongo la Mboto, na kila mwaka balozi wao huenda na maua.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya uraia havikutuambia, na nadhani ndilo tamu kuliko yote. Wakati Wachina wanajiandaa kujenga reli, Wamarekani waliongeza kasi ya kugharamia barabara iliyo sambamba nayo. Haikuwa siri kwamba hawakutaka njia ya Zambia iwe ya Mchina peke yake. Kwa maneno mengine, kumkaribisha mmoja kulimharakisha mwingine. Ukipanda mlima wa Kitonga leo, lori mbele na lori nyuma, unapita juu ya ushindani ambao hatukuulipia risasi hata moja.

Mjomba ana chupa ya chai iliyotoka kwenye enzi hizo, ya bati, imechorwa maua makubwa mekundu. Gharama za ndani za reli zililipwa kwa bidhaa: Tanzania na Zambia zilikopeshwa bidhaa za Kichina, zikauzwa madukani, na fedha zikatumika kulipa mishahara ya akina mjomba. Kwa hiyo alilipwa mshahara, akaenda dukani, akanunua chupa ambayo ndiyo iliyomlipa mshahara. Kizibo kilipotea zamani. Sasa inazibwa kwa gunzi la hindi lililochongwa kwa kisu. Chai inakaa moto mpaka asubuhi.

Sasa, isije ikaonekana kwamba naimba wimbo. Kutofungamana kulitufaa kwa sababu, pamoja na mambo mengine, hatukuwa na kitu ambacho watu walikuwa tayari kuua ili wakipate. Katani, kahawa, pamba. Mtazame jirani. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na waziri mkuu wake, Lumumba, alitaka jambo lilelile tulilolitaka sisi: kuzungumza na kila mtu. Lakini alikuwa na Katanga, yenye shaba, na mgodi wa Shinkolobwe uliotoa urani kwa mabomu ya kwanza ya Wamarekani. Katanga ikajitenga ndani ya wiki mbili. Aliomba msaada Umoja wa Mataifa, akaenda Washington, hakupata alichotaka, akawaomba Wasovieti ndege na malori, na hapo hesabu yake ikafungwa. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji ambao leo tunauita Lubumbashi, mji ambao watu wake wanaongea Kiswahili kama sisi. Tanganyika ilipata uhuru miezi kumi na moja baadaye. Siamini kwamba kuna kiongozi wa Dar aliyepandisha bendera ile bila kumfikiria Lumumba.

Kwa hiyo ujasiri tulikuwa nao, na bahati tulikuwa nayo. Mtu asituuzie kimoja bila kingine.

Na bado kutofungamana kwa enzi ile hakukuwa kimya, na hili ndilo linalonisumbua ninapotazama leo. Mwaka 1968 majeshi ya Kisovieti yalipoingia Czechoslovakia, Tanzania, iliyokuwa ikipokea misaada kutoka kambi ile, ililaani. Mwaka huohuo iliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, ikawaudhi karibu Afrika nzima. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuirudishia China kiti chake, wajumbe wetu walishangilia ukumbini waziwazi, na kijana Salim Ahmed Salim alikuwa balozi wetu pale. Miaka kumi baadaye, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa kwenye kiti hicho, mpaka kazi ikaenda kwa Mperu, Javier Pérez de Cuéllar. Deni la mwaka 1971 lilidaiwa 1981, na riba juu.

Mwaka 2022, tarehe 2 Machi, Baraza Kuu lilipopiga kura juu ya uvamizi wa Ukraine, Tanzania haikupiga ya ndiyo wala ya hapana. Tulikuwa miongoni mwa nchi 35 zilizojizuia. Kenya ilipiga ndiyo. Kijiweni kwetu ubishi uliwaka, na mtu mmoja akasema kwa kujiamini kwamba hiyo ndiyo siasa yetu ya kutofungamana, tangu Mwalimu. Nilitaka kumwambia habari ya 1968. Inawezekana kulikuwa na sababu nzuri za kujizuia: ngano, mbolea, kumbukumbu za waliotusaidia katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Zingesemwa. Mimi siombi tuwe tumepiga kura hii au ile. Nauliza tu kwa nini hatukusikia hoja, kwa sauti, kama zamani. Mbuzi wa zamani alikuwa analia.

Mara ya mwisho nilipokwenda Makambako nilimpelekea mjomba habari. Nilimwambia kwamba Septemba 2024 marais wa Tanzania na Zambia walikuwa Beijing, wametia saini hati ya kuifufua TAZARA, reli yake hiyo, Wachina wanarudi. Nikamwambia pia kwamba Wamarekani na Ulaya wanasaidia reli nyingine ya kutoa shaba, ile ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, na kwamba Wazambia wamekubali zote mbili.

Alikuwa anamimina chai. Alirudisha gunzi mdomoni mwa chupa, akalisukuma kwa kiganja.

"Wazambia hao hawajasahau," alisema. Halafu akauliza: "Na barabara yetu hii, Mmarekani ameshasikia kwamba Mchina anarudi?"